Anayeketi Naye Yumo Mchezoni

Barua za mwezi huu kuhusu mazoezi karibu zote zimetoka kwa watu wanaowatunza wengine. Nimechagua nne. Moja nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua walezi wengi wana swali lilo hilo.

SWALI: Hujambo Mwalimu? Mimi ni mlezi katika makao ya wazee hapa Kisumu. Meneja ameagiza tufanye mazoezi ya nusu saa kila asubuhi. Nina wazee tisa. Mmoja alipata kiharusi, na upande wake wa kulia hauna nguvu. Mwingine ana ugonjwa wa Parkinson. Akifika mlangoni miguu inaganda. Wawili wana kisukari. Yuko mama asiyeona, na mzee aliyekuwa mchezaji wa kandanda ambaye kumbukumbu zimemtoka. Nikimwambia ainue mkono ananitazama tu. Nikiwapa mazoezi ya wanaojiweza, watano wanabaki watazamaji. Nikiwapa mepesi, wanaojiweza wanatoka kwenda kuota jua. Nifanyeje?
Dada mlezi, Mamboleo

JIBU: Dada yangu, unachagua zoezi kwanza, kisha unatafuta nani analiweza. Geuza utaratibu. Chagua mchezo mmoja utakaowaweka wote tisa ndani, halafu umbadilishie kila mtu mambo manne: nafasi anayotumia, kazi anayopewa, kifaa anachoshika, na nani anayekaa ubavuni mwake. Mchezo ni mmoja, ila kila mtu anaucheza kwa namna yake.

Tuseme ni kurushiana mpira mkiwa mmeketi duara. Usinunue mpira. Jaza soksi nene mtama, funga, ifikie ukubwa wa chungwa. Ndani yake tia vizibo vya soda vichache ili ulie ukirushwa. (Zamani ningekuambia usokote mifuko ya plastiki kama watoto wa mtaani walivyofanya, lakini tangu ipigwe marufuku mwaka 2017 hata mipira ile imeadimika.) Kanuni ni moja tu: kabla ya kurusha, uite jina la unayemrushia. Hapo yule mama asiyeona anajua zamu yake imefika, anasikia vizibo, na mpira unamjia kwa kuviringishwa juu ya meza badala ya kupitia hewani.

Mzee wa kiharusi afungamanishe vidole vya mikono yote miwili, mkono wenye nguvu uubebe ule mwingine, ausukume mpira kwa yote miwili. Tafadhali, mtu yeyote asimvute kwa mkono ule dhaifu, wala kumkamata kwapani akimwinua. Bega lililolegea hivyo hutoka mahali pake kirahisi, na maumivu yake huchukua muda mrefu kwisha. Wewe simama upande wake dhaifu, maana akiyumba ndiko atakakoelekea.

Mwenye Parkinson mwambie arushe kwa mkono mpana na aite jina kwa sauti kubwa kupita anavyoona inafaa. Ugonjwa ule hupunguza mwendo na sauti bila mwenyewe kujua. Anapodhani anapiga kelele, nyinyi ndio mnaanza kumsikia vizuri. Mpangie zoezi saa moja hivi baada ya kumeza dawa, miguu ikiwa imefunguka. Na pale mlangoni, chora mistari ya chaki sakafuni ya kuvuka, hatua moja moja. Miguu ikiganda, asilazimishe wala usimsukume. Asimame, ahamishe uzito kulia na kushoto, kisha avuke mstari kwa hatua kubwa. Kupiga makofi kwa mdundo pia humsaidia.

Na yule mchezaji wenu usimwambie lolote. Mviringishie mpira mguuni. Nilimwona mzee wa namna hiyo kule Nyalenda. Jina la binti yake lilikuwa limempotea, lakini mpira ulipomfikia aliusimamisha kwa wayo, akainua kichwa, akampasia mtu aliyekuwa peke yake upande wa pili. Maneno yakigoma, onyesha kwa vitendo. Ukilazimika kusema, sema neno moja kisha usubiri.

Wale wanaotoroka kwenda juani wape kazi ngumu zaidi humo humo: kila wanapodaka, wasimame na kuketi ndipo warushe. Kusimama na kuketi ndilo zoezi ninalolithamini kuliko yote kwa waliokula chumvi nyingi, kwa maana ndilo linaloamua kama mtu ataenda msalani mwenyewe au la. Lifanyeni hivi: asogee ukingoni mwa kiti, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti na zikanyage sakafu zote, ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asimame. Kurudi kuketi iwe taratibu, asijibwage. Asiyeweza, muongezee blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu. Zoezi ni lile lile, umelipunguza uzito tu. Ila vile viti vyepesi vya plastiki sivitaki hapo. Sakafu ya saruji ikiwa imepigwa deki, miguu yake hupanuka na mzee akaenda chini nayo. Tumia kiti cha mbao chenye mikono, mgongo wake ukiegemezwa ukutani.

Wenye kisukari wanywe uji kwanza, wavae viatu vilivyofunika vidole, na baada ya mazoezi uwakague nyayo, kwa kuwa wengi hawahisi jeraha. Mmoja akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi au kuongea yasiyoeleweka, sukari huenda imeshuka: kama yuko macho na anameza vizuri, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, umwangalie kwa dakika 15. Asipopata nafuu, rudia na uite msaada. Asiyeweza kumeza usimpe kitu mdomoni. Hospitali moja kwa moja.

Kuhusu nusu saa ya meneja: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na wenye miaka 65 kwenda juu waongeze mazoezi ya nguvu na ya kusawazisha mwili siku 3 au zaidi kwa wiki. Mwongozo huo huo uliondoa sharti la zamani la kwamba lazima uende dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe. Basi dakika saba kabla ya jua kukolea, saba baada ya chai, nyingine jioni upepo wa ziwa ukivuma, zote zinaingia hesabuni. Kipimo cha wastani ni hiki: mzee aweze kuongea nawe, lakini wimbo umshinde. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, mnaacha papo hapo. Wenye presha wasibane pumzi wanapoinuka.

Na anayekataa? Amekataa. Mpe kazi ya kuhesabu mabao, mara nyingi mkono wake utaunyakua mpira wenyewe. Meneja akilalamika, mkaribishe achukue zamu yako siku moja.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27, naishi Free Area, Nakuru. Nilipata ajali ya bodaboda nikaumia uti wa mgongo, sasa natumia kiti cha magurudumu. Dada yangu mkubwa ananitunza na ninamshukuru, lakini haniruhusu kusukuma kiti mwenyewe hata kutoka sebuleni hadi jikoni. Anaogopa nitajiumiza. Nimenenepa na mikono imelegea. Nianzie wapi?
Kijana wa Free Area

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mpe dada yako gazeti asome aya hii. Dada, Mungu akubariki kwa kazi unayofanya. Sasa achia vishikio vya kiti. Mabega ya ndugu yako ndiyo yatakayombeba maisha yake yote, na bega lisilofanya kazi ndilo linaloumia siku likilazimishwa.

Nawe kijana, usiparamie. Anza ndani, kisha veranda, kisha ua wa kanisa au shule wenye sakafu tambarare. Mawe na vumbi la mtaani yangoje. Shika gurudumu nyuma kidogo ya nyonga, usukume kwa mkono mrefu hadi mbele, halafu uache mkono ushuke wenyewe chini ya ukingo wa gurudumu urudi nyuma. Misukumo mifupi ya haraka haraka ndiyo inayokula bega. Na kwa kuwa kusukuma hujenga kifua zaidi, nyuma nako kunahitaji kazi yake: chukua ule mpira wa tyubu wa kufungia mizigo kwenye pikipiki, uzungushe kwenye nondo za dirisha, funga breki, vuta viwiko nyuma mara 12, pumzika, rudia. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha kuanzia.

Yasiyo na mjadala ni haya. Kila nusu saa au kabla yake, inama mbele kifua kielekee mapajani ukae hivyo kwa dakika mbili, ngozi ya makalio ipate damu. Jioni ikague kwa kioo. Wekundu usiofifia ni kidonda kinachokuja. Usipakalie mahali hapo hadi wekundu upotee. Najua asubuhi za Nakuru zina baridi, lakini mguu usiohisi usiuweke kwenye karai la maji moto wala karibu na jiko, na sufuria ya chai usiipakate. Na kama jeraha lako liko usawa wa kifua au juu zaidi, ukapatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, keti wima, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umejikunja, na uende hospitali bila kungoja kesho. Huo si uchovu wa mazoezi, ni presha iliyopanda vibaya.

Dada yako akisema michezo si ya watu wa viti, mweleze kwamba Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London, Daktari Ludwig Guttmann aliwakusanya wagonjwa 16 wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, wakashindana kulenga shabaha kwa mishale. Huko ndiko Paralimpiki ilikozaliwa, nayo ilianza kwa jeraha kama lako.

SWALI: Mwalimu, mimi na mke wangu tunamlea mtoto wa marehemu ndugu yangu. Ana miaka 11 na ana selimundu (sickle cell). Shuleni, kila kipindi cha michezo anaambiwa akae chini ya mti. Anarudi nyumbani akilia. Je, ni sawa?
Baba mlezi, Busia

JIBU: Si sawa, ingawa hofu ya mwalimu naielewa. Mwili wa mtoto huyu ukikaukiwa maji au ukiishiwa pumzi, chembe nyekundu za damu hujipinda, zikakwama kwenye mishipa na kuleta yale maumivu mnayoyajua. Kwa hiyo tunazuia ukavu na uchovu wa kupindukia. Mchezo wenyewe hatuuzuii. Awe na chupa yake ya maji na anywe kabla hajasikia kiu. Acheze vipindi vifupi apumzike, na hapa mwombe mwalimu kitu kimoja: kanuni ya kubadilishana kila dakika tano iwe ya darasa zima, asitoke yeye peke yake kama mgonjwa.

Jua la adhuhuri, kulowa mvua, kuogelea mtoni kwenye maji baridi, na kuzungushwa uwanja kama adhabu, hayo yote akingwe nayo. La mwisho ningependa watoto wote wakingwe nalo. Kliniki wamwangalie bandama. Likiwa limevimba, aachane na michezo ya kugongana. Siku ana homa au anaumwa kifua au viungo, ni hospitali. Na mwombeni daktari awaandikie barua inayotaja anayoweza kufanya, maana shule huwa zina barua nyingi za makatazo.

SWALI: Mwalimu, huku Shinyalu tuna kikundi cha wazee kinachokutana kila Jumatano. Tunataka isukuti badala ya mazoezi ya redioni. Kijana anayetusaidia anasema ngoma si mazoezi. Wewe wasemaje?
Kukhu, Kakamega

JIBU: Kukhu, kijana huyo hajawahi kucheza isukuti dakika tatu mfululizo. Ngoma iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na nyinyi Waisukha ndio wenyewe pamoja na Waidakho, haihitaji kibali cha redio. Mabega yanatikisika hata kitini. Asiyeweza kusimama akanyage sakafu kwa visigino akiwa ameketi. Anayesimama awe na kiti cha kushika mbele yake. Wenye mifupa dhaifu wasiiname na kujipinda kwa wakati mmoja. Anzeni na ngoma moja, nyingine zije miili ikishapata joto, na anayesumbuliwa na kelele aketi mbali na wapigaji, akiuona mlango. Huyo kijana mpeni ngoma ndogo apige. Atachoka kabla yenu.