Maparachichi ya Tengeru na ya Marangu: yapi yameoza zaidi?

Dada, umesema mzigo wa Tengeru ni mbaya kwa kuwa yameoza 18 kati ya 150, na wa Marangu 12 tu kati ya 80. Usilinganishe idadi kavukavu, gawa kwanza. 18 kwa 150 ni asilimia 12. 12 kwa 80 ni asilimia 15. Kumbe wa Marangu ndio umeoza zaidi!

Ila usimpigie mtu simu ya ugomvi bado. Tofauti ya 0.03 (asilimia 15 kutoa 12) inaweza kuwa bahati tu. Changanya yote: 30 kati ya 230, kama 0.13. Zidisha 0.13 kwa 0.87, kisha kwa jumla ya 1/80 na 1/150, utafute kipeuo cha pili: 0.047 hivi, ndicho kipimo cha jinsi tofauti inavyoweza kuyumba kwa bahati tu. Gawa 0.03 kwa hiyo, unapata 0.64. Ingevuka 1.96, mpaka ambao bahati tupu huuvuka kama mara 5 tu kati ya 100 (ndicho kiwango cha asilimia 5), ndipo ungesema mizigo inatofautiana kweli. Bado sana.

Halafu, uliyahesabu yote au ya juu ya tenga tu? Yaliyobanwa chini ndiyo huanza kulainika, na kama ulihesabu ya juu tu, hesabu yangu yote haina kazi.