Vituko vya kichanga: kipi ni cha kucheka, kipi ni cha kukimbizwa kituo cha afya

Mlaze kichanga chali, ghafla atatupa mikono yote miwili pembeni, vidole wazi, kisha ataikunja kifuani na pengine kulia. Mtaani wataambiana ameona kitu. Hajaona kitu, ni neva zinazoitikia hisia ya kuanguka, na hali hiyo huisha akifikia miezi 4 hadi 6. Wa kuonyeshwa kwa mkunga ni yule asiyeshtuka kabisa, au anayerusha mkono mmoja tu. Ili asijiamshe, tanguliza makalio, kisha mgongo, kichwa kiwe cha mwisho, na kiganja chako kikae kifuani pake mpaka atulie. Kidevu au mguu ukitetemeka, ushike taratibu: ukikoma, hakuna neno. Usipokoma, au macho yakiganda upande mmoja, huenda ni degedege, nenda hospitali.

Usiku kinachotisha zaidi ni pumzi. Anahema harakaharaka, ananyamaza sekunde 5 hadi 10, anaendelea. Ndivyo walivyo. Hesabu akiwa ametulia, tena dakika nzima, maana ukihesabu robo dakika kile kimya kitakudanganya. Zikifika 60 au zaidi, rudia kuhesabu. Zikibaki hapohapo, au kifua kinabonyea ndani, midomo inageuka bluu, kimya kinafika sekunde 20, usingoje kupambazuke.

Chafya nyingi si mafua, anasafisha pua. Kwikwi nayo humjia sana baada ya kunyonya: mbeulishe, mwache. Uzi wa mate kwenye paji la uso haumsaidii, na kijiko cha maji kinajaza tumbo pasipo lishe na kinaweza kumwingizia vijidudu.

Tunaomba sana hili la matiti lisikike hadi kwa bibi na mashangazi. Siku chache baada ya kuzaliwa, matiti ya mtoto, wa kike au wa kiume, yanaweza kuvimba na hata kutoa maziwa kidogo. Ni homoni za mama zilizopita kwenye kondo la nyuma. USIYAKAMUE. Kukamua hupenyeza vijidudu, linatunga jipu la kupasuliwa, na kwa binti titi linaweza kuharibika maisha yake yote. Yaache, yatanywea yenyewe kwa wiki kadhaa. Ila titi likiwa jekundu na la moto, mpeleke. Homoni hizohizo humtoa binti matone ya damu ukeni wiki ya kwanza. Futa kwa maji ya uvuguvugu, kutoka mbele kwenda nyuma.

Kisha kule kukakamaa na kuiva uso wakati wa haja. Kinyesi kikitoka laini, hajafunga choo. Anajifunza kusukuma huku akilegeza. Kipande cha sabuni njia ya haja kubwa kinamchubua bure. Angalia rangi: cheusi cha kunata kitoke ndani ya saa 24, siku ya tatu au ya nne kiwe kijani, ya tano kigeuke njano. Kikiwa cheupe kama chaki, huenda nyongo haipiti; mpeleke siku hiyohiyo, na nepi uibebe daktari aione.