Maswali ya Wasomaji: Chumba cha Kulala Nyuma ya Pikapu

"Nina Hilux ya milango minne na nimekwisha kununua mbao za mninga za kujengea chumba cha kulala. Fundi wangu wa samani anasema kitadumu miaka 30. Niendelee?" – Msomaji, Moshi

Fundi wako hakukudanganya kuhusu mninga, ila yeye amezoea kutengeneza vitu visivyosafiri. Hilux nyingi zimeundwa kubeba takriban tani moja, na ndani ya tani hiyo wamo abiria, maji, mafuta ya akiba, mizigo na chumba chenyewe. Watu wanne ni kama kilo 300, lita 60 za maji ni kilo 60, na bado hujapakia hata sufuria. Ndiyo maana huwashauri wanaoniuliza kwamba chumba kikiwa kitupu kisizidi kilo 300. Plaiwudi ya milimita 18, ya futi 4 kwa 8, ina takriban kilo 32, na ya milimita 9 ni nusu ya hapo. Tumia hiyo nyembamba kwa kuta, juu ya fremu ya msonobari uliokauka vizuri, na mninga wako utengenezee meza ya sebuleni.

Angalia pia uzito unakaa wapi. Bodi ya nyuma ya gari lako, ile ya mizigo, ina urefu wa takriban mita 1.5, kwa hiyo chumba cha kumtosha mtu mzima hutokeza nyuma, isipokuwa kitanda kipandishwe juu ya paa la dereva. Ukiweka tangi la maji kwenye sehemu hiyo iliyotokeza, magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito, na usukani huwa mwepesi kwa namna ya kutisha unapopanda mlima. Tangi na betri vikae chini kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma.

"Nimeziba viungo vyote kwa silikoni, lakini mvua ikinyesha godoro linalowa. Nimekosea wapi?" – Msomaji, Nakuru

Umekosea nilipokosea mimi. Chumba changu cha kwanza kilikuwa kikavu kabisa nyumbani, kisha nikakipitisha kwenye barabara ya vumbi kutoka Naabi hadi Seronera, ndani ya Serengeti, ambayo mawimbi yake hutikisa gari mpaka meno yanagongana. Silikoni ilibanduka kwenye kona kama ganda la kidonda, na niliporudi nikachokonoa ukingo wa paa kwa kisu, tabaka za plaiwudi ziliachana kama za chapati. Maji hayakupita katikati ya ubao. Yalipita kwenye matundu ya skrubu na kwenye kingo zilizokatwa, ambazo sikuzipaka chochote.

Kwangua silikoni yote, kwa kuwa hakuna rangi wala gundi inayoshika juu yake. Paka kingo epoksi mara mbili, kisha ziba viungo kwa gundi ya poliurethani, ile ambayo mafundi hubandikia vioo vya mbele vya magari, maana hiyo hunyumbuka pamoja na mtikisiko. Kila skrubu ya paani ichovywe katika gundi hiyo kabla ya kukazwa.

"Huku Njombe usiku ni baridi kali. Naweza kuingiza jiko la mkaa kwa dakika chache tu?" – Msomaji, Njombe

Hapana, hata makaa yakiwa yamekaribia kuzima. Hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huenda asiamke. Nunua blanketi la pili. Mahali unapokaa mtungi wa gesi napo pawe na tundu la hewa usawa wa sakafu, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

"Betri moja itaendesha friji ndogo ya volti 12?" – Msomaji, Tanga

Friji inayotumia wati 45 na kufanya kazi nusu ya muda humaliza takriban wati-saa 540 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukipenda idumu utumie nusu tu, yaani siku moja na ushee. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo hukaribia siku mbili. Paneli ya wati 150 hufidia matumizi hayo jua likiwa zuri, mradi usiegeshe chini ya mwembe. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri: ikiwa upande wa friji, waya ukichubuka njiani utawaka moto na fyuzi yako ikiwa nzima.