Pasi Elfu, Goli Sifuri: Majibu kwa Wabishi wa Lubumbashi

Wiki ya debi mji huu haulali mapema. Mashabiki wa Mazembe na wa Lupopo, klabu mbili za hapa Lubumbashi, wakishamaliza kumlaumu refa, siku hizi wanahamia kwenye simu: huyu anaonyesha umiliki wa mpira, yule asilimia ya pasi, na muuza michopo anavutwa awe shahidi wakati nyama inaungua. Nimechagua maswali yenye kitu ndani. Yaliyojaa matusi nimewaachia wenyewe. Timu yangu sitaji, msiniulize tena.

Yaya, tumepiga pasi nyingi kuliko wao, tumekaa na mpira muda mrefu kuliko wao, na bado tumefungwa. Jirani yangu anasema takwimu ni uongo mtupu. Nimjibu nini? (Kijana wa Katuba)

Mwambie takwimu imesema kweli yake, ila ni kweli ndogo. Hesabu ya pasi inakueleza nani alikuwa na mpira. Haikuelezi alikuwa nao wapi, wala ni wapinzani wangapi aliowaacha nyuma.

Waulize Wahispania. Kombe la Dunia la 2018, Moscow, walipiga pasi zaidi ya 1,000 mbele ya wenyeji Urusi. Mechi ikaisha 1-1, wakatolewa kwa penalti 4-3. Miaka minne baadaye, Qatar, wakakutana na Morocco: tena zaidi ya pasi 1,000, tena dakika 120, safari hii bila goli lolote, na kwenye matuta hawakufunga hata moja. Morocco ikasonga mbele kwa 3-0 ya penalti.

Ukiirudia mechi kama hiyo kwa utulivu utaona njia ya mpira: beki wa kulia kwa beki wa kati, wa kati kwa wa kushoto, wa kushoto kwa kiungo aliyeshuka, kiungo anarudisha nyuma, mzunguko unaanza upya. Kila pasi inafika, kwa sababu mpinzani amekubali ifike. Amepanga mistari miwili mbele ya boksi lake na anawatazama tu. Umekaribishwa uani, ukapewa kiti, sebuleni hujaingia. Asilimia ya pasi inapanda na kipa wao hajachafua jezi.

Kuna jambo jingine ambalo wabishi wengi hulisahau: pasi hizo zilipigwa dakika ya ngapi? Timu ikipata goli la kuongoza, mara nyingi inarudi nyuma na kuachia mpira. Aliyefungwa anaupata bure, anaupiga huku na huku, na mwisho wa mechi simu inaonyesha kwamba "alitawala". Hapo wingi wa pasi ni matokeo ya kufungwa. Kwa hiyo kabla ya kumtukana kocha wenu, tenga pasi za kabla ya goli la kwanza na za baada yake. Mkikuta hata kabla ya goli mlikuwa mnapita katikati yao na kufika kwenye boksi, basi jirani yako anyamaze, mlicheza vizuri na bahati ikawakataa. Mkikuta pasi zote ni za dakika ya 60 kwenda juu, unyamaze wewe.

Na akikukatalia kabisa, mkumbushe Glasgow, tarehe 7 Novemba 2012. Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta ilishika mpira karibu jioni nzima. Celtic ikashinda 2-1, na goli la kwanza lilikuwa kichwa cha Victor Wanyama kutoka kona. Mkenya wa nchi ya Kenya, siyo wa komini yetu ya Kenya hapa mjini.

Krosi ni pasi au si pasi? Tumewekeana dau. (Wawili wa Kamalondo)

Inategemea anayehesabu. Makampuni ya takwimu yana watu wanaotazama video na kuandika kila mguso wa mpira, na wengi wao huiweka krosi katika fungu lake. Ndiyo maana programu mbili zinaweza kutoa namba mbili kwa mechi ileile na zote zikawa sahihi kwa kanuni zao. Asisti, yaani pasi ya mwisho kabla ya goli, nayo ni hivyohivyo: Sheria 17 za soka haziitambui, kila mhesabuji ana masharti yake. Dau lirudishwe kwa wenyewe.

Papa, sisi wa zamani tuliona Englebert, Mazembe ya leo, ikichukua ubingwa wa klabu za Afrika mara mbili mfululizo, 1967 na 1968, na hakuna aliyehesabu pasi. Mpira ulikwenda mbele. Pasi tatu, goli. Vijana wa leo wanapiga ishirini kurudi kwa kipa. Si ni kupoteza wakati? (Mzee wa Kenya, Lubumbashi)

Mzee wangu, shikamoo. Kombe la 1968 nalikumbuka kwa simulizi za nyumbani: 5-0 dhidi ya Étoile Filante ya Lomé, kisha 1-4 kwao. Magoli hayo yanakupa haki ya kusema.

Lakini jua kwamba hoja yako ya pasi tatu ina mwenyewe, na huyo mwenyewe alihesabu kuliko sisi sote. Charles Reep alikuwa mhasibu katika jeshi la anga la Uingereza. Tarehe 18 Machi 1950 alikuwa uwanjani Swindon, akachoshwa na mashambulizi ya polepole ya timu ya nyumbani, na kipindi cha pili akatoa daftari na penseli akaanza kuandika kila shambulizi. Hakuacha kwa miaka mingi. Mwaka 1968, mwaka uleule wa kombe lenu la pili, yeye na Bernard Benjamin walichapisha matokeo: magoli mengi yanatokana na mashambulizi ya pasi tatu au pungufu. Makocha kadhaa wa Uingereza wakalichukua neno hilo kama lilivyo, na mpira wao ukawa wa angani. Butua, kimbilia, butua tena.

Sasa tazama pale hesabu ilipotelezea. Mashambulizi mengi ya soka ni mafupi, kwa sababu mpira hupotea upesi. Tuseme katika mechi moja timu inaupata mpira mara 100. Mara 90 unakatika kabla ya pasi ya nne, mara 10 tu unavuka hapo. Tuseme zile 90 zimezaa magoli mawili na zile 10 zimezaa moja. Ukihesabu magoli peke yake utasema mafupi yameshinda, mawili kwa moja. Ukigawanya kwa idadi ya majaribio utaona shambulizi refu limelipa mara nne na zaidi. Namba hizo nimezitunga ili mfano uonekane, lakini Mike Hughes na Ian Franks waliifanya hesabu hiyo kwa Kombe la Dunia la 1990 na la 1994, na katika makala yao ya 2005 wakaonyesha kwamba ukigawanya hivyo, mashambulizi ya pasi nyingi yalizaa magoli zaidi kwa kila jaribio, hasa kwa timu zilizofanikiwa.

Hata hivyo, Mzee, nakupa nusu ya haki yako. Hao vijana wanaorudisha kwa kipa mara nyingi hawajengi shambulizi. Wanapumzika, au wanaogopa. Hispania ileile ya kampa kampa tena ilichukua dunia 2010 kwa magoli manane tu katika mechi saba, na kuanzia raundi ya 16 hadi fainali ilishinda 1-0 kila mechi. Kwao mpira ulikuwa pia ngao: ukiwa nao wewe, mwenzako hafungi. Hilo siliiti kupoteza wakati. Kuchosha watazamaji, hapo nakubaliana nawe.

Mazembe ya 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kwa kujilinda na kushtukiza. Kwa nini makocha wetu wasirudi kwenye mbinu hiyo, waache hadithi za umiliki? (Shabiki wa Kunguru, yaani Mazembe, Kampemba)

Kwa sababu mbinu hiyo ina masharti, na Desemba ile huko Abu Dhabi tuliyaona yote ndani ya siku nne.

Nusu fainali, dhidi ya Internacional ya Brazil, kila kitu kilikaa mahali pake. Kipa Kidiaba aliokoa hatari wakati bado 0-0, na hapo ndipo mechi ilipolindwa. Dakika ya 53 Kabangu akafunga. Kuanzia hapo Wabrazil wakalazimika kupanda, nyuma yao pakawa wazi, na dakika ya 85 Kaluyituka akamaliza. Kila mtu hapa anakumbuka Kidiaba akirukaruka kwa makalio, wachache wanakumbuka kwamba goli la pili lilitokea kwa sababu la kwanza liliingia mapema. Ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ile.

Kisha fainali na Inter Milan. Pandev dakika ya 13, Eto'o dakika ya 17. Timu ya kushtukiza ikishafungwa mbili kabla ya dakika ya 20, inamshtukiza nani? Inter haikuwa na haraka tena, haikuacha nafasi nyuma, na ghafla ni Mazembe iliyotakiwa kuujenga mpira pole pole mbele ya ukuta. Biabiany akaongeza la tatu dakika ya 85.

Kwa hiyo ukitaka kaunta, yaani hiyo ya kushtukiza, hakikisha una kipa wa kukubeba dakika 50, watu wawili wenye kasi, na nidhamu ya kutofungwa mwanzo. Hapo nyumbani hali ni ngumu zaidi, maana timu nyingi zinazokuja Kamalondo, uwanjani kwa Mazembe, zinakuja kujifungia zenyewe. Wakikaa kumi nyuma, nafasi ya kukimbilia iko wapi? Unahitaji kiungo anayeweza kupokea akiwa amewapa mgongo wapinzani, ageuke, apenyeze. Nionyeshe huyo kwanza, mbinu tutaijadili baadaye.

Mume wangu anasema timu yake ilikuwa na "magoli yaliyotarajiwa" 1.8 na imefungwa 1-0, kwa hiyo eti ilishinda. Nimwamini? (Mama wa Kampemba)

Mama, amefungwa. Namba hiyo hupima ubora wa nafasi: kila shuti linapewa uzito kulingana na mashuti mengi ya zamani yaliyopigwa kutoka mahali kama pale. Penalti, kwa mfano, hupewa kama 0.78, maana karibu nne katika kila tano huingia. Inasaidia ukiikusanya kwa mechi nyingi. Mechi moja haitoshi hata kumrudishia mtu hamu ya kula, na mumeo anajua.

Binamu yangu yuko Marekani, ananitumia video za mpira wao wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi. Anasema huko nako wanagombana juu ya pasi. Kuna uhusiano? (Mwanafunzi wa chuo kikuu)

Upo, na mkubwa. Kwao kurusha mpira mbele kuliruhusiwa 1906 tu; kabla ya hapo ni kukimbia nao na kugongana. Leo mrushaji ana alama inayochanganya pasi zilizofika, umbali, mipira ya kufunga pointi na iliyonaswa na adui, na kilele chake ni 158.3, namba ambayo hata wao wanaicheka. Ugomvi wao ni uleule wa kijana wa Katuba hapo juu: timu iliyoachwa nyuma pointi nyingi hurusha kila mara ili iokoe muda, wapinzani wanairuhusu kupata umbali usio na madhara, na usiku mrushaji anaonekana shujaa kwenye karatasi. Muulize binamu yako mrushaji wake alipata umbali huo timu ikiwa inaongoza au ikiwa imeshazama. Atakasirika.

Nafundisha watoto wa miaka 13 Ruashi. Uwanja ni vumbi, vifaa vyangu ni daftari na biki. Nihesabu nini? (Kocha)

Kocha, swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote.

Jumla ya pasi iache. Wachezaji wawili wa Kijerumani, Stefan Reinartz na Jens Hegeler, walibuni hesabu nyingine: pasi moja imewapita wapinzani wangapi. Pasi ya pembeni kati ya mabeki, sifuri. Pasi inayotoka kwa beki ikapenya kati ya viungo wanne na kumkuta mwenzake, nne. Brazil ilipofungwa 7-1 na Ujerumani 2014 ilikuwa imepiga mashuti mengi kuliko Wajerumani. Waliokuwa wanapitwa pale penye maumivu, mbele ya kipa, walikuwa Wabrazil.

Huwezi kuhesabu wachezaji wote peke yako, utakosa mechi. Chagua mmoja, tuseme namba 6, na dakika 20 za mwanzo. Mpe mtoto wa benchi daftari. Pasi iliyompita mpinzani, alama ya juu. Ya pembeni au ya nyuma, nukta. Iliyopotea, msalaba, na aandike upande gani wa uwanja. Mwezi wa tisa, ardhi ikiwa ngumu, mpira unadunda hadi magotini. Pasi iliyoharibiwa na kidutu cha udongo iwekee alama yake, usimhesabie mtoto kosa la ardhi. Mvua zikianza, dimbwi nalo vilevile.

Kipindi cha pili mtoto mwingine ashike daftari, awaangalie wanaopokea mpira karibu na boksi: nani amegeuka kuelekea goli, nani amerudisha. Hapo utampata mshambuliaji wako upesi kuliko kwa kuhesabu magoli ya Jumapili.

Ila jumla usiwasomee. Ukimwambia mtoto kwamba ana pasi 30, wiki ijayo atakuletea 40, zote za mita mbili, na yule aliyekuwa anathubutu kupiga chenga ataacha. Na daftari hilo wazazi wasilione.