Vumbi la msasa hutua baada ya muda gani? Jibu kwa fundi wa milango, Lamu

Fundi, umeuliza kwa nini vanishi ya mlango wa nakshi inatoka na chengachenga ilhali unangoja nusu saa baada ya kupiga msasa, na kama ungoje hadi kesho yake. Kungoja zaidi hakutakufaa. Chenga inayohisika kwa kidole huwa na kipenyo cha maikroni 30 hivi kwenda juu (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na chenga ya ukubwa huo haikai hewani.

Kwa kanuni ya Stokes ya mwaka 1851, kipenyo kikipungua mara 10, kasi ya kutua hupungua mara 100. Chukua punje yenye uzani unaokaribia wa maji, hewa imetulia, iko mita 2.5 juu. Ya maikroni 30 hufika chini kwa dakika moja na nusu, ya 10 kwa dakika 14, ya 5 kwa karibu saa nzima, ya 1 kwa saa 20. Na hewa ya karakana haitulii hivyo. Bati likishapata jua, hata joto la mwili wako, huizungusha hewa sentimita kadhaa kwa sekunde, na punje ya maikroni 10 hushuka milimita 3 tu kwa sekunde hiyo. Kwa hiyo dakika 14 zikipita, asilimia 37 ya punje hizo bado zinaelea.

Basi chenga zako zilishatua, wewe ndiye unayeziamsha: kwa miguu, kwa shati, kwa feni, na zaidi ya yote kwa brashi inayozikokota kutoka kwenye mifereji ya nakshi. Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Utoe mlango nje, uchokoe mifereji kwa brashi kavu ya nywele ngumu, juu kwenda chini, mpaka ukiipitishia kitambaa cheusi kisitoke na weupe. Ndani, pangusa boriti kwanza, kisha sakafu kwa kitambaa kibichi; usifagie. Usimwage maji pia, unyevu wa pwani peke yake unatosha kuchelewesha vanishi kukauka. Zima feni, funga madirisha, toka kwa saa moja. Ukirudi, badili shati, futa mlango kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, upake.

Paka alfajiri, bati likiwa baridi na upepo wa bahari haujaanza. Mlango ukiusimamisha utapokea vumbi kidogo kuliko ukilazwa, ila tabaka la vanishi liwe jembamba, ama litachuruzika.

Kupima, laza kioo safi sakafuni dakika 15, kisha kimulike tochi kwa ubavu. Ukiona nukta nyingi, ngoja.

Kuhusu kifua: vumbi linaloingia ndani kabisa ya mapafu ni lile dogo, la chini ya maikroni 10, ambalo macho hayalioni. Vumbi la mbao limeorodheshwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, miongoni mwa visababishi vya saratani. Barakoa ya N95 usiivue kwa kuwa hewa inaonekana safi. Ivue ukishatoka nje.