Barua pepe moja, wahudumu wanne

SWALI: Tuko wanne kwenye dawati la wanachama wa Saccos, na wote tunafungua sanduku moja la barua pepe kwa nenosiri lilelile. Kuna mwanachama anajibiwa mara mbili, na kuna anayesubiri wiki nzima. Tuna seva yenye PHP na MySQL. Barua ziingieje zenyewe kwenye kanzidata ili tugawane kazi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Jaribuni kwanza osTicket. Ni ya bure, inatumia PHP na MySQL, na kazi yake ndiyo hiyo.

Mkipenda kutengeneza yenu, andikeni skripti inayoamshwa kila dakika na cron (kipanga-ratiba cha seva), iingie kwenye sanduku kwa IMAP (itifaki ya kusoma barua zilizo kwenye seva) na kuchukua barua mpya. Ifungeni kwa flock (kufuli linalozuia nakala ya pili kuanza), la sivyo siku barua zikiwa nyingi skripti mbili zitakimbia pamoja. Kuanzia PHP 8.4, kiendelezi cha IMAP hakiji tena na PHP yenyewe, kinachukuliwa PECL, ghala la viendelezi vya PHP.

Wengi hukosea kuchukua barua "zisizosomwa" tu. Mmoja wenu akiifungua kwa simu, skripti inairuka na hakuna atakayejua. Hifadhini UID (namba ambayo seva huipa kila barua) ya barua ya mwisho, pamoja na UIDVALIDITY ya sanduku (namba inayoonyesha kama UID hizo bado ni halali). Hii ya pili ikibadilika, UID za zamani hazifai tena, msome sanduku upya. Ili kusoma upya kusilete nakala, wekeni indeksi ya kipekee kwenye safu ya Message-ID (kitambulisho kilicho kichwani mwa barua). Barua isiyo nayo (zipo, hasa za mashine) ipewe hashi ya SHA-256 (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo) ya barua nzima.

Barua ghafi ihifadhiwe kabla ya kuchambuliwa, ili uchambuzi ukikwama msipoteze kitu. Safu ya BLOB (aina ya MySQL ya kuhifadhi data ghafi) inaishia KB 64, MEDIUMBLOB MB 16, na base64 (usimbaji wa viambatisho kuwa herufi) hunenepesha kiambatisho kwa theluthi. Afadhali ikae diski kama faili, kanzidata ibaki na njia ya faili. Maandishi yawe utf8mb4, usimbaji wa MySQL unaobeba herufi zote hadi emoji.

Kugawana kazi kunategemea amri moja:

UPDATE barua SET mhudumu = 3 WHERE id = 2041 AND mhudumu IS NULL;

Ikibadilisha mstari 1, barua ni yako. Ikirudisha 0, mwenzako amekuwahi. Msisome kwanza kama iko wazi halafu ndipo muandike: katikati ya hatua hizo mbili ndipo wawili huichukua.

Majibu ya mwanachama yaunganishwe kwa In-Reply-To na References (mistari ya kichwani inayotaja Message-ID ya barua inayojibiwa), kamwe si kwa mada peke yake. Watu wawili walioandika "Mkopo" watajikuta kwenye faili moja, mmoja akisoma deni la mwenzake.

Mkituma jibu la papo hapo, liwe na mstari wa kichwani Auto-Submitted: auto-replied, na msiijibu barua yoyote ambayo mstari huo unasema kitu kingine zaidi ya "no". Bila hivyo, jibu la likizo la mwanachama mmoja na mfumo wenu zitajibizana usiku kucha.