Kutoka upande wa pili wa kiti cha meno

Daktari hukaa kulia kwa mgonjwa, mimi hukaa kushoto. Ni msaidizi wa daktari wa meno katika kliniki binafsi hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nashika mrija wa kunyonya mate, nakoroga dawa ya kuzibia, naosha vifaa, na siku dada wa mapokezi akiwa na udhuru naandikisha wagonjwa pia. Nasaha nyingi za kufanya kazi kwa ushirikiano huandikwa na wakubwa, kisha zinaishia kwenye bango la ukutani ambalo hakuna anayelisoma tena baada ya wiki. Hizi ni za mshika mrija.

Anza na jambo ambalo wamiliki wengi wa kliniki hawalifikirii. Daktari wa meno akishainama, haoni kingine. Taa imemulika jino moja, macho na akili vyote viko pale. Haoni jasho linalotoka kwenye paji la uso wa mgonjwa wala vidole vinavyong'ang'ania mkono wa kiti. Hajui kuwa kwenye benchi kuna mama mjamzito amekaa tangu asubuhi, wala kama koleo atakalolihitaji limeshatoka kwenye mashine ya kutakasa vifaa. Yote hayo yanaonekana na watu wengine. Ninaposema ushirikiano nina maana hiyo tu: yule aliyeinama afikishiwe yale asiyoyaona, mapema, na asikasirike anapofikishiwa.

Kwetu kazi hiyo inaanzia mapokezi. Wagonjwa wa vijiji vya ziwani upande wa kaskazini, Mwamgongo hadi Kagunga, huja kwa boti na kushukia Kibirizi. Wengine hawajala tangu jana yake kwa sababu ya maumivu. Mtu mwenye njaa na hofu, ukimchoma ganzi anaweza kukuzimikia kitini. Kwa hiyo dada wa mapokezi haulizi jina na umri peke yake. Anauliza: umekula? Una presha au sukari? Dawa gani unameza kila siku? Kina mama anawauliza kama wana mimba, kwa sauti ya chini, wala si mbele ya benchi zima. Halafu ana swali lake mwenyewe ambalo hakufundishwa na mtu: unarudi wapi leo, na chombo chako kinaondoka saa ngapi?

Swali hilo mwanzoni lilionekana la umbea. Lakini fikiria. Mtu aking'olewa jino anatakiwa ang'ate pamba kama nusu saa, kisha tumwangalie kama damu imekata kabla hajaondoka. Mkazi wa Ujiji damu ikianza tena jioni, anapanda bodaboda anarudi. Aliyeko katikati ya Tanganyika ndani ya boti atarudi na nini? Siku hizi utakuta kwenye kona ya kadi kumeandikwa kwa herufi kubwa BOTI SAA 7, na daktari akiona hivyo huyo anatangulia kuchomwa ganzi. Wanaorukwa kwenye foleni lazima waelezwe sababu, na anayewaeleza ni dada yule yule. Hapo daktari asije akatoka na kumwingiza rafiki yake kimya kimya. Akifanya hivyo mara moja tu, dada wa mapokezi hana tena cha kuwaambia watu wa benchi, na kesho hataandika kitu kwenye kona ya kadi.

Na usidhani taarifa muhimu zinapita kwa wenye vyeti tu. Kuna bibi mmoja aliletwa kutoka Kalinzi, Kiswahili chake kidogo, kila alichoulizwa anaitikia ndiyo. Mama yetu wa usafi akamkalia karibu wakaongea Kiha. Baada ya muda akaja mlangoni kusema bibi anameza dawa za moyo alizopewa hospitali, na amezibeba kwenye kitambaa alichofunga kiunoni. Daktari akaacha kila kitu, akazitazama zile dawa, akaahirisha kung'oa mpaka awasiliane na waliomwandikia. Kama mama yule angekuwa mtu wa kuambiwa "wewe shika ufagio wako", asingefika mlangoni.

Sasa tuje kwenye kiti chenyewe. Kuziba jino kwa ile dawa ya unga na maji yake ni kazi ya watu wawili, na anayebisha ajaribu peke yake. Ukishakoroga una kama dakika mbili kabla haijaanza kukaza, na joto likizidi muda hupungua. Nikikoroga mapema, inakaza kwenye karatasi. Nikichelewa, tundu lililokwisha kukaushwa linaingia mate, na dawa haishiki vizuri. Atarudi baada ya miezi analalamika kuwa jino limezibuka, na lawama zitaenda kwa dawa. Mimi na daktari wangu hatuhesabiani. Akiweka pamba ya mwisho shavuni na kushika bomba la hewa, mimi nishaupasua mfuko wa unga. Hilo halikuja kwa semina. Lilikuja kwa kufanya kazi na mtu huyo huyo kwa muda mrefu, ndiyo maana nawashauri wenye kliniki wasihamishe wasaidizi huku na huku kama viti vya plastiki. Kila daktari ana mpangilio wake wa trei. Msaidizi mgeni, wiki yako ya kwanza omba akuonyeshe anavyotaka vifaa vipangwe, kisha usivipange unavyotaka wewe.

Jambo linalohitaji ushirikiano kuliko yote ni jino lisilo sahihi. Linatokea, na linatokea kwa watu hodari. Katika kuhesabu meno, namba 36 ni gego la kwanza la chini kushoto kwa mgonjwa, 46 ni lile la kulia. Tarakimu moja tu inayatenganisha. Uwe umesimama mbele ya mgonjwa, kushoto kwake ni kulia kwako, na picha ya eksirei ukiishika kinyume inakudanganya vizuri kabisa. Mahali nilipofanya kazi zamani, mkoa mwingine, kijana mmoja aling'olewa gego zima, bovu likabaki. Msaidizi aliyekuwa kitini aliona koleo linakwenda upande usio wenyewe. Alinisimulia baadaye kuwa maneno yalimfika kooni yakarudi, kwa sababu wiki ile ile alikuwa amefokewa kwa kuuliza swali mbele ya mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya kukagua usalama kabla ya upasuaji, na msingi wake ni huo huo: watu wasimame kidogo, waseme kwa sauti wanachokwenda kufanya, na kwa nani. Sisi tumeifanya fupi. Mimi nasoma kadi kwa sauti, mgonjwa ananyooshea kidole jino linalomuuma, daktari anaitaja namba na upande. Wote watatu tukikubaliana, koleo linanyanyuliwa. Yeyote akisema "subiri", mkono unasimama, hata kama aliyesema amekosea. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Ukimcheka aliyesimamisha kazi bure leo, kesho atanyamaza kwenye jambo la kweli.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Mashine ya kutakasa inataka joto la nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika 3, na hapo kifaa kiwe kimeshasuguliwa damu yote. Muda wa mashine kupanda joto na vifaa kukauka haumo katika dakika hizo. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Siku ya foleni ndefu ndipo utasikia "hilo si limeshaingia? Leta tu". Mwosha vifaa awe na haki ya kusema hapana, na mwenye kliniki awe upande wake mbele ya watu wote. Sindano iliyotumika iingizwe kwenye sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, na yule yule aliyeitumia, isiachwe kwenye trei ikamsubiri mwenzake. Na chanjo ya homa ya ini B, zile dozi tatu, ya mwanzo, ya baada ya mwezi mmoja na ya baada ya miezi sita, apewe kila mtu akiwemo mama wa usafi. Virusi hivyo vinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi. Nimeona mahali ambako daktari na muuguzi walichanjwa, na anayebeba ndoo ya taka akasahaulika.

Kuna hili la kufokeana. Mgonjwa aliyechomwa ganzi amekufa midomo, masikio anayo. Akisikia daktari anamwambia msaidizi "hujui kitu", haogopi kwa ajili ya msaidizi, anaogopa kwa ajili ya mdomo wake. Makosa tunayazungumza asubuhi inayofuata kabla mlango haujafunguliwa, dakika kumi tukiwa tumesimama: jana kimekwama nini, leo nani anakuja, dawa gani imekwisha. Hatupendani wote, nisikudanganye. Wawili kati yetu hawasalimiani nje ya kazi mpaka leo, kwa mambo yao ya mkopo. Kitini wanapeana vifaa bila tatizo.

Na zawadi. Wagonjwa wa huku wana shukrani, utaletewa migebuka, chupa ya mawese, mara ndizi mkungu mzima. Vyote hukabidhiwa daktari kwa sababu ndiye anayeonekana. Daktari mwenye akili anavigawa siku hiyo hiyo, na dada wa mapokezi anapata fungu sawa na wengine. Yanaweza kuonekana mambo madogo, lakini nimewahi kuona kliniki ikipoteza msaidizi mzuri kwa sababu ya samaki.

Kama daktari wako hataki kusikia, usibishane naye mgonjwa akiwepo wala usimseme kwenye kikundi cha WhatsApp. Subiri mfunge, mwambie mkiwa wawili, na mwambie jambo moja tu lenye tarehe na jina la mgonjwa kutoka kwenye daftari. Malalamiko ya jumla hayamfikii mtu aliyechoka. Wangu ilimchukua muda. Siku aliyoanza kuniuliza "umeona nini huko?" kabla ya kunyanyua koleo, nilidhani ananitania.